TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 18: Daraja likivunjwa, sadaka huenda wapi?



Ndugu yangu, umewahi kuchangia tofali za msikiti, kisha miaka ikapita, ukavunjwa ili ujengwe wa ghorofa? Roho inauma kidogo. Unajiuliza: na sadaka yangu je, imezolewa na kifusi?

Hebu tutazame daraja la London, kwenye mto Thames. La mawe lilianza kujengwa mwaka 1176 na padri mmoja. Alifariki 1205, likakamilika 1209, yeye hakuliona. Lilidumu zaidi ya miaka 600. Mwaka 1831 likafunguliwa jipya, nalo likaanza kudidimia. 1968 likauzwa kwa tajiri wa Marekani, mawe yake yakapelekwa Arizona. La sasa, la zege, lilifunguliwa 1973.

Lakini kuna kitu hakikuvunjwa. Watu wa zama zile waliusia ardhi na nyumba, ili kodi yake ilitunze daraja. Mfuko huo upo mpaka leo. Unatunza madaraja matano ya Thames, na tangu 1995 ziada yake inasaidia wenye shida jijini. Sisi tungeuita wakfu. Malipo yao anayajua Mola. Sisi tuchukue funzo.

Mawe ya 1831 yapo, lakini hayamvushi tena mtu wa London. Anayemvusha ni mfuko ulioanzishwa na watu ambao wengi wao hakuna anayewajua tena kwa majina.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa sadaka yenye kuendelea haikatiki kwa kifo. Kinachoendelea ni manufaa, si jiwe. Tofali lako lilibeba sijida za watu miaka yote ile. Hizo hakuna tingatinga la kuzibomoa.

Sasa tuambizane ukweli. Mchango wa jengo jipya unajaa haraka. Bili ya maji ya udhu, posho ya mwalimu wa madrasa, bati linalovuja: hapo tunaanza kutazamana. Kwa nini? Kwa sababu matengenezo hayana kibao cha jina. Na jengo lisilo na wa kulitunza, hata likiwa la zege, siku zake zinahesabika.

Leo kabla ya futari, toa chochote, hata kidogo, kwenye kitu ambacho hakuna atakayejua ni wewe.

Ewe Mola, zikubali sadaka zetu, zinazoonekana na zisizoonekana, na uwarehemu waliotutangulia kutoa. Aamin.