Mtoto Alalaye Nje

Mithali yetu yasema, ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Vijana huipenda kwa sababu ni fupi na ina ukali, na watu wazima huipenda kwa sababu humwondolea mgeni mzigo wa kufikiri: tazama wafanyavyo wenyeji, nawe ufanye vivyo hivyo. Lakini mithali yataja jicho la msafiri mwenyewe. Haisemi lolote juu ya jicho la mtoto wake. Katika insha hii nataka kuuliza kama mzazi aliyehamia nchi ya watu yampasa kumlea mtoto wake kwa imani ya wenyeji, ikiwa yeye mwenyewe hana imani hiyo.

Mfano ulio wazi ni wa jamaa ya Kimarekani iliyokwenda kukaa Denmark, tuseme katika mji mkuu wa Copenhagen, kwa ajili ya kazi ya baba au ya mama. Mambo mengi ya huko mgeni huyazoea upesi: kupanda baisikeli penye mvua, kuvua viatu mlangoni, kula mkate mweusi mzito, na kuona jua likitua kabla ya saa kumi ya jioni mwezi wa Desemba. Jambo moja halizoeleki upesi. Watu wa Denmark huwalaza watoto wachanga nje. Mtoto hufunikwa vizuri kwa nguo za sufu, akalazwa katika kigari kikubwa cha magurudumu manne, na kigari kikaachwa uani, au kando ya njia mbele ya mkahawa, huku mama yumo ndani akinywa kahawa. Hufanywa hivyo hata wakati wa baridi. Katika vituo vya kulelea watoto mchana pia, vigari hupangwa nje na watoto wakalala ndani yake. Wenyeji husema kwamba hewa ya nje humpa mtoto afya na usingizi mwema. Mimi si tabibu, na hilo sitaliamua. Linalonishughulisha ni kwamba kigari kile hakina mlinzi. Yeyote apitaye aweza kukisukuma akaenda zake, na kwa kawaida hakuna akisukumaye.

Imani hiyo ilipata kuvuka bahari, na matokeo yake yakaandikwa magazetini. Mwezi wa Mei mwaka 1997 mama mmoja wa Denmark alikuwa New York pamoja na baba wa mtoto wake, aliyekuwa Mmarekani. Waliingia katika mkahawa, wakamwacha binti yao wa miezi 14 nje ya dirisha ndani ya kigari, kama afanyavyo mama yeyote wa Copenhagen. Polisi waliitwa. Wazazi wote wawili walikamatwa, na mtoto akawekwa mikononi mwa walezi asiowajua kwa siku kadhaa kabla ya kurudishwa kwa mama yake. Mashtaka yalifutwa baadaye. Mama naye aliushtaki mji, na mwaka 1999 mahakama ilimpa fidia ya dola zipatazo 66,000. Huko Denmark watu walistaajabia ukatili wa New York; huko New York wengi walistaajabia upumbavu wa mama.

Nilipowasimulia wanafunzi wangu kisa hiki, darasa liligawanyika. Wengine walisema kwamba mama alikosa kwa kuwa hakuishika mithali ya chongo. Wengine walisema kwamba desturi ni desturi, hakuna iliyo bora kuliko nyingine, kwa hiyo hapana aliyekuwa na haki ya kumhukumu. Niliwasikiliza kwa furaha, maana walibishana vizuri, lakini majibu yote mawili yalilikimbia swali. Kumwacha mtoto nje si desturi ya namna ya kuvaa kofia. Kofia hukaa kichwani pa mtu mmoja, na ikimpendeza yeye imetosha. Kigari kilichoachwa nje ya mlango hutegemea watu wengi wasiojuana: mwenye duka ambaye akisikia kilio atagonga kioo cha mkahawa, bibi kizee apitaye na mbwa wake, kijana ambaye hata wazo la kumgusa mtoto wa mtu halimjii. Mama yule hamwachi mtoto peke yake. Humwacha mikononi mwa mtaa. Akienda New York aweza kuchukua kigari na mablanketi, lakini mtaa hauchukuliki.

Wala tusiwadharau watu wa New York. Aliyeona mtoto mchanga yu peke yake kando ya barabara, akaingiwa na hofu, naye alikuwa akimlinda kwa njia aliyoijua.

Sasa mgeuze msafiri. Mama wa Kimarekani amesimama mlangoni mwa mkahawa wa Copenhagen, mkono mmoja juu ya kigari. Vigari vitatu vimekwisha simama ukutani, na mama zake wamo ndani wanacheka. Akili yake yajua kwamba hapa pana amani, lakini mikono yake haijui. Wako watakaomwambia kwamba akikiingiza kigari ndani atawatukana wenyeji, kana kwamba amewaita wezi. Sikubaliani nao. Imani haivaliwi kama koti la kuazima, na mama mwenye hofu si mwenye matusi. Walakini sitamwachilia huru kabisa. Hofu yake ilizaliwa mahali ilipokuwa na kazi. Akimrithisha mtoto hofu hiyo mahali isipokuwa na kazi, atakuwa amempa mzigo, na mtoto hatajua hata ulitoka wapi. Naona basi kwamba mzazi huyo ana haki ya kupewa muda, na muda huo autumie kwa kazi maalumu: awajue majirani, naye mwenyewe awe mtu wa kugonga kioo asikiapo mtoto wa mwingine akilia. Hawezi kuutumia ulinzi wa mtaa naye hayumo katika zamu.

Tena zamu hiyo ina gharama, na gharama hulipwa kwa fedha. Kila anunuapo kitu dukani, bei huwa imeongezwa robo yake kwa ajili ya kodi, na kodi ya mshahara ni kubwa pia. (Serikali ya Marekani nayo yamtaka raia wake atoe hesabu ya mapato kila mwaka hata akiwa ng'ambo, maskini mtu huyu hana pa kujificha.) Kwa fedha hizo halmashauri za miji hutunza vituo vya watoto, na sheria hairuhusu mzazi adaiwe zaidi ya 25 kwa mia ya gharama za kuviendesha. Tangu Agosti 2022 wazazi wakaao pamoja hugawiwa majuma 24 ya likizo kila mmoja baada ya mtoto kuzaliwa, na kwa waajiriwa, majuma 11 kati ya hayo baba hawezi kumpa mama wala mama hawezi kumpa baba. Ndiyo maana mgeni huwaona wanaume wakisukuma vigari asubuhi ya siku ya kazi. Mmarekani ametoka katika nchi ambayo sheria yake ya taifa, ya mwaka 1993, humpa mfanyakazi majuma 12 bila mshahara, tena si kila mfanyakazi. Mtaa unaomlinda mtoto una wazazi waliopewa nafasi ya kuwapo mtaani. Wema wa moyo peke yake haungefanya hivyo.

Kama ningeishia hapa, ningekuwa nimeisifu Denmark kupita haki yake. Mtaa huo una mlango, na mlango haufunguki sawa kwa wote. Sheria zilizokubaliwa huko mwaka 2018 ziliagiza kwamba katika mitaa fulani iliyoorodheshwa kwa umaskini, uhalifu, ukosefu wa kazi na upungufu wa elimu, mtoto akitimiza mwaka mmoja apelekwe katika kituo cha kulelea watoto saa 25 kwa juma, ajifunze lugha na maadili ya nchi. Mzazi akataaye aweza kunyimwa posho ya mtoto. Na serikali ilipoamua ni mitaa gani iitwe kwa jina baya kuliko yote, ilitazama pia kama zaidi ya nusu ya wakazi walitoka katika nchi zisizo za Magharibi. Katika hesabu hiyo Mmarekani ni mtu wa Magharibi. Mkenya siye, wala Msomali siye. Kwa hiyo mama wa Kimarekani aogopaye kukiacha kigari nje ataitwa mgeni ambaye bado hajazoea, na majirani watatabasamu. Mama wa Kisomali akaaye na mtoto wake wa mwaka mmoja nyumbani, kwa hofu iyo hiyo, aweza kuandikiwa barua na halmashauri. Upendo ni ule ule. Wa kwanza hupewa ule muda niliousema, na wa pili hupewa amri. Sijui kwa nini muda uwe haki ya mmoja tu.

Mtoto naye hakai kigarini milele. Akifika umri wa kwenda shule atamwita mwalimu wake kwa jina la kwanza, bila cheo, kama wafanyavyo watoto wote wa Denmark (jambo ambalo, nakiri, masikio yangu ya ualimu hayapendi kulisikia), na atasahihisha Kidenmark cha baba yake mbele ya wageni. Akifika miaka minane au tisa ataomba kwenda shule peke yake kwa baisikeli, kama wenziwe, na wazazi wake, ambao kwa wakati huo watakuwa wamejifunza, watamruhusu. Kisha kazi ya baba itakwisha, nao watarudi kwao. Huko, jimbo la Utah lilipotunga sheria mwaka 2018 kusema kwamba mtoto mwenye umri wa kutosha kwenda shuleni peke yake si dalili ya kutupwa na wazazi, lilikuwa jimbo la kwanza kufanya hivyo. Familia yetu haikurudi Utah. Baisikeli imo ndani ya nyumba, imeegemezwa ukutani, na mtoto amekwisha vaa kofia yake ya chuma. Anauliza kwa nini asitoke, na wazazi wake wanatazamana, kila mmoja akingoja mwenzake ajibu.