Hodi ya Mayai

Kwetu Simbo mtu akipiga hodi unaitika "karibu" kwanza, jina utamuuliza baadaye. Ndiyo maana ile picha ya Funny Games imenikaa vibaya. Michael Haneke aliitengeneza Austria mwaka 1997 kwa Kijerumani, kisha 2007 akairudia mwenyewe kwa Kiingereza, tukio kwa tukio, ili Wamarekani nao waione. Vijana wawili wenye glavu nyeupe, adabu tele, wanakuja kwenye nyumba kando ya ziwa kuomba mayai. Kufika asubuhi, familia nzima imekwisha.

Hiyo ya pili ndiyo tuliyoiona bandani. Mama mwenye nyumba alipoikwapua bunduki akamlaza mmoja, tulipiga makofi, jamaa mmoja akasimama kabisa: "Stelingi hafi!" Mara yule kijana aliyebaki akaitafuta rimoti, akairudisha picha nyuma, mwenzake akafufuka. Banda zima kimya. Haneke katukamata: kumbe damu hatuichukii, tunachagua tu ya nani. Hapo namkubali, ingawa ananichefua, maana anatuhubiria huku kiingilio keshakipokea.

Lakini hayo ya makofi si kitu. Usiku uleule mtoto wa jirani alibisha, sauti naijua, anaomba kiberiti. Nikazima taa. Akapiga hodi ya pili. Akapiga ya tatu, polepole, akangoja kidogo, kisha nikazisikia ndala zake zikiondoka gizani.