Mwanamke Aliyetokwa na Damu, na Likizo Yetu



Vijana wenzangu, fungueni Injili ya Marko, sura ya 5, kuanzia mstari wa 25. Mwanamke ametokwa na damu miaka 12. Mali yote imeishia kwa waganga na hali inazidi kuwa mbaya. Kwa Sheria ya wakati ule alihesabiwa najisi, na aliyemgusa alipata unajisi pia. Ndiyo maana akaja kwa nyuma, kimyakimya.

Mimi nasoma udaktari Mwanza, ila kwetu ni Lagangabilili, Wilaya ya Itilima, mkoa wa Simiyu. Nikisoma habari hii nawafikiria mabinti wa huku nyumbani. Kichocho tunakijua wote: mayai hutoka na mkojo, yakifika majini huanguliwa, vijidudu huingia ndani ya konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya anayefua, anayechota maji au anayenywesha ng'ombe lamboni. Wengi wanaishia hapo. Wachache wanajua kwamba mayai yale hukwama pia kwenye via vya uzazi vya mwanamke, yakaleta vidonda, maumivu na damu. Inakadiriwa wanawake na wasichana milioni 56 wana hali hiyo, wengi wao Afrika kusini mwa Sahara.

Sasa fikiria, jamani. Binti wa miaka 17 anatoka damu isiyo ya mwezi, anasikia maumivu akiwa na mumewe. Watasema nini? Watasema kaleta ugonjwa wa zinaa. Mume anamshuku, mama mkwe ananuna, na jumuiyani mnong'ono unaanza, tena mara nyingine kutoka kwa sisi tuliotoka kupokea Komunyo. Kumbe aliyapata majini, akifua nguo za wadogo zake.

Dawa ipo, praziquantel. Watoto hupewa shuleni, wakipimwa urefu kwa kijiti ili kujua idadi ya vidonge. Lakini aliyeacha shule darasa la nne hayupo kwenye mstari ule. Wala mama wa watoto watano hayupo, wala kijana anayechunga.

Hapo ndipo mwanafunzi anapohitajika. Marekani kuna mpango wenye jina la Albert Schweitzer, mwanateolojia aliyesomea udaktari akaenda Lambaréné, Gabon, mwaka 1913. Wanafunzi wanaochaguliwa hutoa saa zisizopungua 200 kwa watu ambao huduma za afya haziwafikii vizuri, huku wakiendelea na masomo. Napenda hesabu hiyo ya saa. Huruma ya jumla ni rahisi, lakini saa 200 lazima uzitoe mahali fulani, kwa watu wenye sura na majina.

Na kwetu Wakatoliki jambo hili lina mizizi. Paris, mwaka 1833, Frédéric Ozanam alikuwa mwanafunzi wa sheria, miaka 20. Wenzake chuoni waliwauliza vijana Wakatoliki wanafanya nini kwa ajili ya maskini siku hizi. Hakuandika makala ya kujibu. Yeye na wenzake wachache walianza kutembelea nyumba za maskini, wakiongozwa na Sista Rosalie Rendu aliyezijua ngazi zote za mtaa ule. Ndiyo mwanzo wa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Angalia, hata mwanasheria alikuwa na kazi.

Likizo iliyopita tulikuwa wanne wa TMCS. Tulimwona Paroko kwanza, kisha mganga wa zahanati, maana mwanafunzi hagawi dawa kwa mamlaka yake, na si kila damu ni kichocho. Lazima mtu apimwe. Kazi yetu ilikuwa kukaa na jumuiya ndogondogo na akina mama wa WAWATA. Mwadila mayu, tunakaa kwenye mkeka, tunachora konokono kwenye karatasi (mchoro wangu ulichekwa sana, walisema ni kiatu). Mwenzetu anayesomea ualimu alieleza vizuri kuliko mimi. Baada ya sala ya kufunga, mama mmoja alibaki nyuma akikunja mkeka taratibu mno. Alikuwa na swali la binti yake. Tulimsindikiza zahanati kesho yake.

Yesu siku ile alikuwa njiani kwenda nyumbani kwa Yairo, mkubwa wa sinagogi, ambako mtoto alikuwa mahututi. Haraka ilikuwa ya kweli. Hata hivyo alisimama, akauliza nani amemgusa, akangoja mpaka yule mama akasema yote. Kisha mbele ya umati uleule akamwita Binti.

Ee Yesu, likizo ya mwezi wa saba inakuja. Utuonyeshe nani amebaki nyuma akikunja mkeka, utupe na subira ya kungoja mpaka aseme. Amina.