Damu Imetoka kwa Nani?



Fikirieni nyumba moja ya Karatina. Mama amejifungua mvulana, na siku ya pili macho ya mtoto yamekuwa ya manjano. Hospitalini analazwa chini ya taa za buluu. Daktari anawaeleza wazazi kwamba damu yake ina upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, nao ni wa kurithi. Hapo baba anauliza, "Umetoka kwa nani?"

Sayansi inajibu wazi. Mvulana huurithi kwa mama, kwa sababu unabebwa na kromosomu ya X, ambayo mvulana hupewa na mama peke yake. Msichana aweza kuurithi kwa mzazi yeyote. Lakini je, mume mpendwa, jibu hilo linamtia mkeo hatiani?

Hatia yahitaji kujua na kukusudia. Mkeo hakujua, wala hakuichagua damu aliyopewa na wazazi wake. Tena upungufu huu umeenea zaidi palipo na malaria nyingi, kama pwani na kando ya Ziwa Viktoria, kwa kuwa huwapa baadhi ya watu kinga dhidi ya malaria kali. Siku hizi vijana wa Nyeri huoa Kilifi na Kisumu. Huenda damu unayoilaumu ndiyo iliyowaokoa mababu wa mkeo.

Hatia yaweza kuanza sasa, mkishajua. Mtoto akipata manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au akilegea na kukataa kunyonya, nanyi mkatosheka kumwanika juani ili majirani wasijue, hapo mmekosa. Manjano ikizidi huweza kuharibu ubongo na usikivu wa mtoto. Ondoeni nyumbani vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo katika nguo. Mwambieni daktari kabla ya mtoto, au mama anayemnyonyesha, kupewa dawa yoyote, hasa primakwini na dapsoni. Na mimba ijayo, semeni mapema kliniki.

Mliahidiana altareni kushikamana katika afya na ugonjwa. Basi, mume, mama yako akikuuliza ugonjwa huu umetoka upande gani, mjibu kwa heshima: "Mama, ni wa nyumba yetu."