Ya Zamani Inawatosha?

Kibanda chetu cha gemu hapa Nakivale kina mashine mbili. Moja ni PlayStation 2, imekwaruzika mpaka jina lake halisomeki. Nyingine ni PlayStation 3 ya mtumba, iliyofika mwaka jana. Mechi moja kwenye ile ya zamani ni shilingi 200, kwenye mpya ni 500. Siku mpya ilipofika, vijana walijaa mlangoni, lakini mtoto mmoja hata hakuitazama. Aliniuliza tu: "Yaya, ile ya zamani utaiuza?"

Swali lake halijanitoka kichwani. Kipya kikija, tuna deni gani kwa wale ambao mfuko wao bado uko kwenye cha zamani?

Watengenezaji wenyewe walilijibu kwa njia tofauti. PlayStation 2 ilitoka Japani mwaka 2000. Mrithi wake alitoka 2006, lakini ya zamani haikuondolewa dukani. Ziliuzwa pamoja miaka sita hivi, mpaka kuingia 2013 ndipo utengenezaji ukasimama. Sababu inaonekana kwenye bei. Marekani, mwaka ule wa 2006, PlayStation 3 ya bei ya chini ilikuwa dola 499, na PlayStation 2 ilikuwa dola 129. Huko Brazil, PlayStation 2 iliingia rasmi madukani mwaka 2009, wakati mrithi wake ana miaka mitatu tayari! Xbox ya kwanza haikupata bahati hiyo. Ilitoka 2001, Xbox 360 ikatoka 2005, na ile ya kwanza ikaachwa haraka, maana ilikuwa ikiuzwa kwa hasara.

Mtu ataniambia: ndugu, hiyo ni biashara, siyo huruma. Kweli kabisa. Sony walibaki na ya zamani kwa sababu ilikuwa inanunuliwa. Lakini hata mimi nauza mechi, na sioni aibu. Faida yao ilimfikia pia mtu wa dola 129. Hakuna aliyemwambia kwamba muda wake umekwisha. Wazee wetu walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Hata hivyo, kuna shimo hapo, na sisi wa kambini tunalijua. Mwaka 2013 FIFA 14 ilitolewa hata kwa PlayStation 2. Watu walifurahi. Walipofungua, majina ya wachezaji na timu yalikuwa ya msimu mpya, lakini mchezo wenyewe ulikuwa karibu uleule wa miaka iliyopita. Yaani kuna kumbakishia mtu cha zamani kwa sababu unamheshimu, na kuna kumbakishia kwa sababu umeshasema moyoni, "hawa, hii inawatosha."

Neno hilo "inawatosha" tumelisikia mara ngapi? Kwenye nguo, kwenye vitabu vya shule, kwenye kompyuta zinazokuja zimechoka. Anayeleta huenda ana nia njema. Lakini kitu kilekile kinaweza kuwa heshima au dharau. Mimi napima kwa maswali mawili. La kwanza: hicho cha zamani kinatunzwa kweli, au kimeachwa kife taratibu mikononi mwa maskini? La pili: mwenye cha zamani ana njia ya kufikia kipya, hata nyembamba, au amefungiwa huko?

Miaka peke yake haijibu maswali hayo. Unaweza kuweka vitu viwili sokoni pamoja miaka kumi, na bado ukawa umewagawa watu: hawa wa mbele, wale wa nyuma.

Basi nilimjibu yule mtoto kwamba siuzi. Nilipeleka mashine kwa fundi, akasafisha jicho la kusomea sidii, nikalipa fedha niliyotaka kununulia gemu jingine la mpya. Halafu nikaandika kwenye karatasi mlangoni: ukicheza mechi tano kwenye ya zamani, ya sita unacheza kwenye mpya bure.

Wenzangu wanasema napata hasara. Labda. Lakini Jumamosi iliyopita yule mtoto alifikisha mechi ya tano. Akahesabu kwa vidole mara mbili, kisha akasogea kwenye benchi lile jingine, akakaa.