Rasimu ya Siku Ishirini na Sita: Haraka, Deni na Uaminifu wa Mtunzi

Miongoni mwa wahakiki kumekita rai kwamba kazi iliyoandikwa kwa haraka ni kazi iliyopunjwa, na kwamba mtunzi anayemkabidhi mchapishaji mswada usiopigwa msasa humkosea msomaji. Aghalabu rai hii hushikiliwa na watu ambao hawajawahi kudaiwa. Methali ya haraka na baraka huletwa mbele kama kwamba methali ni hoja, na swali la kimaadili huachwa pale pale: mtunzi anayesukumwa na tarehe ana deni gani, na deni hilo ni la nani?

Kisa cha Fyodor Dostoevsky kinafaa kuzingatiwa. Katika kiangazi cha 1865, akiwa ameelemewa na madeni, mengi yao ya jarida aliloliendesha na kakake Mikhail aliyefariki mwaka 1864, alitia sahihi mkataba na mchapishaji Stellovsky kwa ruble 3,000. Alitakiwa kutoa riwaya mpya kufikia tarehe 1 Novemba 1866, kwa kalenda ya Urusi ya wakati huo. Angeshindwa, Stellovsky angekuwa na haki ya kuchapisha kila atakachoandika kwa miaka tisa pasi na kumlipa. Mwaka 1866 ukapita akiandika Uhalifu na Adhabu, iliyokuwa ikitoka jaridani kwa sehemu. Hadi Oktoba inaingia, riwaya ya Stellovsky haikuwa na hata ukurasa mmoja, hali isiyo ngeni kwa mwanafunzi yeyote wa uzamili.

Marafiki zake walipendekeza wagawane sura, kila mmoja aandike yake, kisha yeye atie jina. Alikataa. Aliona kuwa hawezi kuweka jina lake juu ya kazi ya watu wengine. Ukataaji huu ndio kiini cha suala zima. Mtu aliyekuwa tayari kutoa kazi mbichi hakuwa tayari kutoa kazi ya uongo. Kwake, jina juu ya jalada halikuwa ahadi kwamba kila sentensi imekomaa. Lilikuwa ushahidi kwamba sentensi hizo zimetoka kwake. Mhakiki anayeuchukulia upungufu wa msasa kuwa udanganyifu huchanganya mambo mawili ambayo Dostoevsky, akiwa amebanwa ukutani, aliyatenganisha.

Tarehe 4 Oktoba alifika Anna Snitkina, mwandishi wa hati mkato mwenye umri wa miaka 20. Usiku Dostoevsky aliandaa maandishi, mchana akamsomea kwa sauti; Anna akaenda kuyanakili nyumbani kwao na kuyarejesha yasahihishwe. Katika muda wa siku 26 Mcheza Kamari ilikuwa imekamilika. Ni ajabu kidogo kwamba wahakiki wanaousifu uaminifu wa Dostoevsky kuhusu jina hawaulizi jina la Anna lilistahili kuwa wapi. Yamkini jibu ni kwamba alichotoa ni kazi ya mkono, si ubunifu. Hata hivyo, pasipo mkono huo pasingekuwa na riwaya.

Mtetezi mwepesi wa haraka angesema: tazameni, riwaya ilifaulu. Utetezi huu ni dhaifu. Iwapo uadilifu wa tendo unategemea matokeo yake, basi mtunzi naye ni mcheza kamari, na maadili yake huamuliwa na gurudumu la ruleti. Lenye uzito zaidi ni kwamba wazo la riwaya hiyo halikuzaliwa Oktoba. Mnamo 1863 Dostoevsky alikuwa amekwisha kulieleza katika barua kwa Strakhov, na meza za kamari za Wiesbaden alizijua kwa hasara yake mwenyewe. Mkono ulikimbia, fikra ilikuwa imetembea miaka mitatu. Malenga anayejibizana mbele ya hadhira naye hana rasimu, na hakuna anayemwita mlaghai, kwani inafahamika kuwa beti zake zina umri mkubwa kuliko usiku ule. Kinacholaumika ni haraka ya mtu asiyekuwa na la kusema kabla ya tarehe kumfikia.

Pana tarehe nyingine zisizoandikwa katika mkataba wowote. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezuiliwa bila kushtakiwa tangu Desemba 1977 hadi Desemba 1978, aliandika Caitaani Mũtharaba-inĩ katika gereza la Kamiti juu ya karatasi za chooni. Upekuzi ungeweza kufanyika siku yoyote, na kwa hakika mswada ulinyakuliwa kabla ya kurudishwa. Ni nani angemtaka asubiri hadi kila aya ikolee? Katika mazingira kama hayo kuisafisha sentensi kabla ya kuandika inayofuata ni anasa, na pengine ni uzembe.

Inasalia hoja ya kwamba Stellovsky, aliyetega mtego, hakustahili kazi njema. Huenda. Lakini Stellovsky hakuwa msomaji, na msomaji hakuwa ametega chochote. Mswada ulipokamilika, mchapishaji alikuwa ametoka mjini, ikambidi Dostoevsky auwasilishe katika kituo cha polisi na kupewa stakabadhi. Afisa aliyeupokea hakutakiwa kusoma hata mstari mmoja. Kazi yake ilikuwa kuthibitisha siku na saa.