Nyumba na Nyumbani Chini ya Uluguru

Watu wa Morogoro huuita mji wao "mji kasoro bahari". Ni jina la utani lenye majivuno ndani yake: kila jema lipo, yamekosekana maji ya chumvi tu. Sisi wa visiwani tukilisikia hutabasamu, kwani kasoro hiyo kwetu ndiyo kila kitu. Hata hivyo, mwenye kuitazama milima ya Uluguru asubuhi, wingu likiwa limeikalia, na akumbuke wingu lile limetoka wapi. Pepo za Bahari ya Hindi ndizo zilizolipeleka, na mvua yake huangukia zaidi miteremko ya mashariki, ile iliyoelekea kwetu. Kisha mto Ruvu huyarejesha maji hayo pwani, na Dar es Salaam huyanywa. Bahari, basi, imefika Morogoro kwa njia ya juu.

Siku hizi watu nao wanaifuata njia hiyo. Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, safari iliyokuwa ikila saa nyingi kwa basi huchukua chini ya saa mbili. Mwenye akiba ndogo huwaza kiwanja Kihonda au Mkundi, kwenye tambarare. Mwenye kupenda ubaridi hutupia jicho Bigwa, milima ilipoanza kuinuka. Sina neno na mtu anayetafuta pa kuweka ubavu. Ninalo swali moja tu: mtu anunuapo nyumba, hununua nini hasa?

Lugha yetu imekwishajibu nusu ya swali. Nyumba ni kitu: huhesabika, hubomoka, hupigwa mnada. Tukiitia "-ni", upatanisho wote hugeuka: si nyumba yangu tena, ni nyumbani kwangu, na aghalabu ni nyumbani kwetu. Kitu kimekuwa mahali, na mmoja amekuwa wengi. Ndiyo maana twamsikia mtu akisema anauza nyumba, wala hatujamsikia akisema anauza nyumbani.

Sheria nayo, ukiisoma kwa makini, haiko mbali na sarufi. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya raia. Anachopewa mwenye hati ni haki ya kukaa na kutumia kwa muda maalumu, usiozidi miaka 99. Kwa upande wa vijiji, sheria nyingine ya mwaka huo huo imeikabidhi halmashauri ya kijiji ardhi iisimamie kama mdhamini wa wanakijiji. Kwa maneno mengine, tunachokiita kununua ni kupokea amana. Na amana ina mwenyewe.

Mwenyewe ni nani pale Uluguru? Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa mila yao mashamba ni ya ukoo huo. Mgeni aliweza kupewa pa kulima, akatoa kitu kidogo kila mwaka kukiri kwamba ardhi si yake. Lakini kupanda mti wa kudumu lilikuwa jambo jingine. Mti ni wa aliyeupanda, na mti ukishakua huanza kudai na udongo uliousimamisha. Wasomaji wa Unguja na Pemba hawahitaji maelezo marefu: kwetu pia mkarafuu umeweza kuwa na mwenyewe, na ardhi chini yake ikawa ya mwingine.

Sasa mfikirie mwanamume aliyebanwa na shida, akaliuza shamba la ukoo ambalo dada yake hulilima, na ambalo kwa mila lingewafikia watoto wa dada huyo. Mnunuzi ana hati ya mauziano, ana mashahidi, ana muhuri wa serikali ya mtaa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 humkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila idhini ya mwenzake; lakini ngao hiyo ni ya wanandoa, haimkingi dada. Karatasi zimetimia. Je, haki imetimia?

Wapo watakaosema kuwa mnunuzi si kadhi. Muuzaji ni mtu mzima, shida anaijua mwenyewe, na mila hiyo hiyo huenda imewabana vijana wasiweze kujikwamua. Hoja hii ina uzito. Hatuwezi kumdai kila mwenye kutafuta kiwanja awe mwanahistoria wa koo za watu. Lakini baina ya kujua yote na kutouliza lolote pana nafasi kubwa, na uadilifu hukaa katika nafasi hiyo. Kumuuliza muuzaji, "Nani mwingine hulima hapa?" hakugharimu kitu. Anayejizuia kuuliza kwa kuchelea jibu hawezi kudai kwamba hakujua.

Deni la mgeni haliishii kwa muuzaji. Juu ya paa lake wako wakulima, na maji ya mji hutoka kwao. Mgeni akikuta bomba limekauka, ni rahisi kuwalaumu walio juu na kutaka waamrishwe. Amri ilikwishajaribiwa. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ili kuzuia mmomonyoko. Mwaka 1955 watu walisimama kuipinga, zikazuka ghasia, na mpango wenyewe ukaachwa. Lengo halikuwa baya. Lakini walioamriwa hawakuwa wameshauriwa.

Kwa hivyo nadhani nyumba hununuliwa siku moja, na nyumbani hulipiwa taratibu: kwa kuhudhuria misiba ya mtaa, kwa kuuacha wazi mfereji upitao kiwanjani, kwa kumsalimu yule dada kwa heshima ya mtu aliyetangulia. Siku moja mgeni huyu ataulizwa, "Kwenu wapi?" naye atajibu, "Morogoro." Jibu hilo halimo katika hati yake. Litasimama ikiwa jirani aliyepo, akilisikia, hatalikanusha.